Tazama Mwiba Kwanza

Kila mwaka ifikapo Agosti, mji mzima wa Kolwezi hugeuka hakimu wa maua. Watu husimama mbele ya kuta za nyumba mpya, simu mkononi, wakapigana picha chini ya rundo lolote la zambarau lililoangukia barabarani, na mwenye nyumba hupokea pongezi kama mtu aliyefanya kazi. Kinachosifiwa mara nyingi ni kichaka tu: kinene juu, kipara chini, mikono yake mirefu ikiwachapa wapita njia usoni, na maua yamejibanza nchani ambako mkasi haujawahi kufika. Kuisifu bugenvilia ya mtaa wa Dilala kwa kuchanua Agosti ni kumsifu jogoo kwa kuwika alfajiri. Mvua imekatika tangu Aprili, usiku wa Juni na Julai umekuwa wa baridi, mchana umefupika; hata ile iliyojiotea kwenye gofu lisilo na mwenyewe imechanua. Rangi ni kazi ya majira. Kazi ya mtu iko kwingine, na asiyejua iko wapi anyamaze kwanza, kwa sababu sifa za bure zimekwisha kuharibu soko na sasa zinaanza kuharibu ufundi wenyewe.

Ninachodai ni kimoja: bugenvilia nzuri ni ile iliyonyimwa kwa akili, na kunyimwa huko huacha alama ambazo mtu anaweza kuzisoma. Mmea huu ni wa Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson, aliyesafiri katika msafara wa nahodha Bougainville, aliukuta Rio de Janeiro mwaka 1767, na ukoo wake umeenea hadi nchi kavu za Bolivia na Argentina. Kiumbe aliyezoea kiu hachanui kwa kushibishwa. Umwagie maji kila jioni, uurundikie mbolea ya kuku na yurea, nao utakulipa majani. Anayedhani kwamba ni ufupi wa mchana peke yake unaoleta maua aitazame Nairobi. Mji ule uko karibu na ikweta, mchana wake haubadiliki sana mwaka mzima, lakini bugenvilia zake huchanua kwa mawimbi, kila mvua zinapokatika. Peter Greensmith, aliyesimamia bustani za mji ule katika miaka ya 1950, alizipanda kwenye barabara kuu, penye lami ya moto na maji haba, na hapo ndipo zilipong'ara. Sisi tumejaliwa zaidi. Tuko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, kati ya digrii 10 na 11 kusini ya ikweta: kiangazi cha miezi mitano hivi, baridi ya usiku, na siku za Juni zenye saa 11 na nusu tu za mwanga. Kiu, baridi na mchana mfupi vyote vinakutana kwa wakati mmoja bila mtu kuinua kidole. Basi hapa kwetu kuchanua hakumpi mtu cheo. Cheo kiko katika namna ya kuchanua.

Kabla ya kuutazama mmea wenyewe, tazama ukuta. Vitabu vya bustani vya Kifaransa vinavyopita mikononi mwa watu husema bugenvilia ipandwe penye ukuta unaotazama kusini. Kwa Nice na Marseille ni sawa. Kwa Dilala ni kosa la kitoto, na bado nyumba nyingi za gharama kubwa zimelifanya. Mwezi Juni jua letu la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha mita 2 hivi upande wake wa kusini saa sita kamili, na asubuhi na jioni kivuli hicho hurefuka. Mmea uliopandwa hapo hukaa gizani katika miezi ile ile ambayo ungetakiwa kutoa maua, kisha Desemba jua linapohamia kusini unapata mwanga na mvua pamoja, ukarefuka kama wazimu. Mwenye nyumba akiona umedumaa kiangazi hudhani una kiu, akaumwagia maji, na hapo amekwisha kuumaliza. Fundi hupanda upande wa kaskazini wa ukuta, au mahali pa wazi kabisa, penye jua la saa sita au zaidi kwa siku. Ukikuta bugenvilia iliyoegemea kusini mwa ukuta mrefu, huna haja ya kuendelea na hukumu. Pita.

Sasa mwiba. Hapa ndipo mshamba hujulikana, kwa sababu yeye huuona mwiba kama adha ya kukwepwa, wakati fundi huusoma kama barua. Kwapani mwa kila jani la bugenvilia kuna chipukizi, na chipukizi hilo lina njia zaidi ya moja mbele yake: linaweza kuwa tawi, linaweza kuwa mwiba, linaweza kuwa kikonyo cha maua. Mwiba na kikonyo cha maua ni ndugu wa tumbo moja. Hutoka mahali pamoja, na ukivitazama vikiwa vichanga utaona vimepinda kwa namna ile ile. Wakati mwingine hukutwa mwiba ambao ncha yake imebeba kitumba, kama kwamba ulibadilisha nia njiani. Mmea ukiwa mchanga, au ukiwa na maji tele na mbolea nyingi, chipukizi huenda kwenye mwiba. Ukitulizwa, ukabanwa, ukaonjeshwa kiu, chipukizi huenda kwenye ua. Kwa hiyo kila mkono wa bugenvilia ni daftari la mwaka mzima. Anza kwenye shina, ufuate mkono mmoja kwa kidole hadi nchani, fundo kwa fundo. Miiba mirefu kwenye mafundo yaliyoachana kwa shubiri: hapo mmea ulilewa maji. Mafundo yaliyokaribiana, miiba mifupi, kisha vikonyo vinaanza: hapo kuna mtu aliyejua kuacha. Mkono mzuri ni ule ambao maua yake huanza mapema. Kipimo changu ni hiki: miiba ikiisha kabla ya nusu ya mkono na vikonyo vikashika nusu iliyobaki yote, kazi ni njema, vikonyo vikianza kwenye theluthi ya kwanza, vua kofia, maua yakikaa nchani tu, kwenye mafundo matano au sita ya mwisho, ulichokiona ni kiangazi, fundi hakuwapo.

Umbali wa fundo hadi fundo nao una sheria yake: vidole viwili kwa mkono uliokomaa, vitatu kwa ule wa mwaka huu. Zaidi ya hapo ni ulafi. Na usihesabu kwenye mkono mmoja uliochaguliwa na mwenye mmea, kwa sababu kila kichaka kina mkono mmoja wa kuonyeshea wageni. Chagua wa chini, wa upande wa nyuma, ule usiotazamana na barabara. Ingiza mkono ndani ya kichaka, ukubali kuchomwa, usikie kama ndani kuna mbao hai au kuna vijiti vikavu vilivyorundikana tangu zama. Kichaka kilichotunzwa kina hewa ndani. Mwanga hupenya hadi kwenye shina, na maua hutoka hata usawa wa goti. Hii ndiyo sababu nasema hukumu ya kweli hutolewa Aprili, mvua za mwisho zikiwa bado ardhini, kabla rangi haijaja kufunika aibu. Aprili kila mkono uko uchi. Agosti kila mtu ni mtaalamu.

Nitajibiwa kwamba miiba hutofautiana kwa aina: zile zenye majani ya manyoya huwa na miiba mikubwa iliyopinda, na zile zenye majani laini huwa na miiba midogo. Ni kweli, lakini haibomoi chochote. Mmea haulinganishwi na wa jirani. Unalinganishwa na wenyewe, mkono wa mwaka jana na wa mwaka huu, sehemu ya shinani na sehemu ya nchani. Aina huamua ukubwa wa mwiba, malezi huamua mwiba unaishia wapi. Nitajibiwa pia kwamba wengine wanaitaka miiba kwa ajili ya wezi. Hao sina ugomvi nao, ila wajue wanachonunua ni seng'enge yenye majani, na seng'enge haiingizwi katika mashindano ya urembo. Tena wamekosea hata kwa hesabu yao wenyewe, kwa sababu ua uliolelewa vizuri una vyote viwili: mbao za zamani za ndani hubaki na miiba yake migumu, na mikono ya nje hubeba maua. Mwizi atachomwa kule kule. Tofauti ni kwamba mpita njia hatachomwa.

Wadanganyifu nao wanaijua barua hii, ndiyo maana huichana. Anayetaka kuficha mmea uliolewa huikata miiba yote kwa mkasi na kumwambia mteja kwamba hii ni aina isiyo na miiba. Pitisha kidole gumba juu ya kwapa la jani. Ukigusa kisiki kikavu kidogo kama kichwa cha msumari, umeshamkamata. Udanganyifu wa pili ni wa mfuko. Vipandikizi vinne au vitano vinachomekwa katika mfuko mmoja mweusi ili mmea uonekane mnene, kisha unanyimwa maji mpaka uchanue kwa hofu. Mteja anaununua ukiwa umejaa rangi, anaupanda, na ndani ya wiki mbili umepukutika wote. Hapo kiu, badala ya kulea, imetumiwa kutesa. Fukua udongo wa juu kidogo uhesabu mashina. Shina moja lenye unene wa kidole, hata kama halina ua hata moja, lina thamani kuliko vijiti vitano vilivyovalishwa sherehe. Wa tatu ni wa rangi tatu. Mimea mitatu inasokotwa ikiwa michanga, inauzwa kama mti mmoja wa ajabu. Ufundi wa kweli wa rangi nyingi upo: mafundi wa India huunganisha vitawi vya aina mbalimbali juu ya shina moja, na India hiyo hiyo ndiko ilikoibuka Mary Palmer, inayotoa nyeupe na zambarau kwenye mmea mmoja bila kuunganishwa na mtu. Lakini muungano una kovu, na kovu liko juu ya shina moja. Msokoto hauna kovu. Una mashina matatu yanayogombea maji, na baada ya miaka miwili lenye nguvu huwaua wenzake.

Mafundi wenyewe hawana siri nyingi. Wana kalenda na wana subira. Kata kubwa hufanywa mvua zinapoanza, Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, maua ya kiangazi yakiwa yamechoka. Ndipo mbao kavu zinapotolewa na umbo linapoamuliwa. Kata ndogo, ya kubana ncha, hufanywa mwishoni mwa Februari na isipite katikati ya Machi, ili mikono mipya ipate muda wa kukomaa kabla mvua haijaisha, maana maua hubebwa na mikono mipya iliyokwisha kuwa migumu. Anayekata Juni kwa ajili ya usafi amekata maua yake ya Agosti, naye ndiye atakayelalamika kwamba udongo wa Kolwezi haufai. Bugenvilia haina vikono vya kujishikia kama mzabibu. Huegemea na kujikwamisha kwa miiba yake, kwa hiyo lazima ifungwe, na fundi hufunga mkono ukiwa umelazwa. Mkono uliosimama wima hupeleka nguvu zote nchani. Uliolazwa huamsha chipukizi kila fundo. Hufungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, ambao hutanuka, wala si kwa waya unaokata ganda. Mvua ikikatika fundi hamwagi tone mpaka majani yaanze kulegea mchana, ndipo anamwaga mara moja, maji mengi ya kushuka chini, kisha anaondoka. Na akihamisha mche hauvuti kutoka kwenye mfuko: anaupasua mfuko, kwa sababu mizizi ya mmea huu ni myembamba na huvunjika kirahisi kuliko sura yake inavyotisha.

Udongo nao una mambo ya hapa. Vilima vya shaba vinavyouzunguka mji huu vilijulikana tangu zamani kwa kukosa miti: nyasi na vimaua vichache vilivyozoea madini ndivyo vilivyosimama pale. Basi mtu anayejaza shimo la bugenvilia kwa mchanga uliotoka kwenye machimbo, kwa sababu ni wa bure na una rangi nzuri, amekwisha kuambiwa na nchi yenyewe kitakachotokea. Majani yatakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, naye ataongeza yurea. Vumbi la malori pia huwapotosha mahakimu. Kiangazi majani ya kando ya barabara hugeuka rangi ya tofali, na mmea mzima hupewa alama za chini wakati kosa si lake. Pangusa jani kwa kidole. Likiwa gumu, dogo, linalong'aa chini ya vumbi, mmea ni mzima. Likiwa kubwa na laini, vumbi lilikuwa linamfichia mwenyewe aibu.

Kuhusu rangi na umbo nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hapa hakuna mjadala. Ukuta mmoja, rangi moja. Zambarau ya zamani ndiyo mama, na nyingine zote ni wageni wake. Ya rangi ya chungwa haifai kabisa Dilala, kwa sababu kwenye ardhi nyekundu huonekana kama kutu. Nyeupe ipandwe tu na mtu aliye mbali na barabara ya malori. Zile zenye majani ya rangi yaliyorundikana tabaka kwa tabaka ni za watu wasiojua: hazina kile kiua cheupe cha katikati, na majani yake yakishakauka hayaanguki, hung'ang'ania tawini yakiwa ya kahawia hadi mtu ayachume. Bugenvilia haikatwi kuwa mpira, wala mwavuli, wala herufi za jina la mwenye nyumba. Haipandwi ndani ya tairi lililopakwa chokaa. Kimo chake kwenye ua ni kifua cha mtu mzima, ili jirani asalimiwe.

Najua litakaloulizwa hapo. Kimo hicho ni cha nyua za mitaa ya kampuni, za mji ulioanzishwa na kampuni ya madini ya Union Minière mwaka 1937, ambako wenye nyumba walikuwa watu wengine na waliokata walirudi kulala kwingine. Je, si maua ya wakoloni haya? Ni mmea wa Brazil, si wa Brussels. Mahindi na mihogo tunayosongea bukari, ugali wetu, vilitoka Amerika vilevile, na hakuna anayesusia sahani. Tena waliokuwa na ujuzi ni wale waliokata. Mkasi ulikuwa mikononi mwa watu wetu, na kalenda niliyoieleza ni yao. Mwenye nyumba alikuwa na kiti cha kivulini tu. Ujuzi huo ulivuka mwaka 1967 kampuni ilipotaifishwa, ukaendelea katika enzi za Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi, na haukuuawa na siasa. Uliouua ni ukuta wa matofali wa mita 3 na haraka. Tangu 2014, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, lupango, yaani kiwanja cha nyumba, imekuwa mgodi, na mtu anayechimba ndani ya ua wake hawezi kulaumiwa kwa kutongojea mmea unaotaka miaka mitatu ili upate umbo. Ila yule aliyejenga jumba kwa faida ya machimbo hayo, akanunua vichaka thelathini vya mifuko kwa siku moja, huyo hana udhuru. Nyakati za kampuni bugenvilia zilikuwa chache na kila moja ilikuwa na mtu wake. Leo ni nyingi na ni mayatima.

Pingamizi la mwisho ndilo lenye sura ya upole: watu wanafurahia rangi, kwa nini kuwaharibia? Waendelee kufurahia; furaha haina kosa. Sifa ni jambo jingine, kwa sababu sifa ni malipo. Muuzaji wa kando ya barabara hukuza kile kinacholipwa, na mtunza bustani huacha kufanya kile ambacho hakuna anayekiona. Tukiendelea kulipia Agosti, tutapata mifuko ya vijiti iliyochanua kwa hofu, na yule anayejua kubana ncha Februari atakwenda kutafuta kazi ya ulinzi. Kwa hiyo ukienda kununua, mwambie muuzaji akupe mmea usio na ua, uhesabu mashina, ugusie makwapa ya majani kwa kidole gumba, umuulize aliukata lini mara ya mwisho. Asiyejua mwezi alioukata mmea wake hakuulea, aliuokota. Na ukitaka kumsifu mtu kwa ua wa nyumba yake, muulize kwanza jina la anayeukata, umpe huyo sifa, na mwenye nyumba umwambie amwongezee mshahara.